Dawa za Mgonjwa wa Ini: Daftari Linasema Nini, Mgonjwa Anameza Nini?

  Kama una kalamu na karatasi karibu, ziweke tayari, maana leo kuna jambo la kuandika.

Mada yetu ni mgonjwa wa ini na dawa zake. Hasa nataka tutazame ile tofauti iliyopo baina ya dawa zilizoandikwa kwenye daftari la hospitali na dawa ambazo mgonjwa anazimeza kule nyumbani. Tofauti hii ipo kwa wagonjwa wa kila aina, wa presha, wa sukari, wa pumu. Lakini kwa mwenye ugonjwa sugu wa ini inakuwa na bei kubwa zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukumbushane kwa ufupi. Ini linaweza kuumwa kwa miaka mingi bila mtu kujua. Sababu kubwa ni homa ya ini aina ya B na ya C, pombe, na mafuta yanayojaa kwenye ini, hasa kwa wenye sukari na uzito mkubwa. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga wa Kenya mwaka 2001. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni, ndiyo maana tunasisitiza watu wazima wakapimwe. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Sasa, ini lina kazi nyingi mno, ila kwa mazungumzo ya leo tulifananishe na forodha. Wakazi wa Mji wa Kale wanaijua forodha tangu enzi za majahazi: mzigo hauingii mjini kabla ya kufunguliwa na kukaguliwa. Dawa unayoimeza nayo hupita njia hiyo. Kutoka matumboni hubebwa na damu hadi kwenye ini, na ini huifungua na kuipunguza makali ndipo iendelee na safari. Ini lililojaa makovu, hali ambayo madaktari wanaiita sirosisi, ni forodha iliyobakiwa na wafanyakazi wachache. Mizigo mingine hupita bila kukaguliwa. Kwa hiyo kidonge kile kile kisichomdhuru jirani yako chaweza kumfikia mgonjwa wa ini kikiwa na nguvu zaidi, na kikakaa mwilini muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu daktari wake hupima dozi kama muuza dhahabu, na ndiyo sababu akidanganywa na daftari, hesabu yake yote huharibika.

Nimesema daftari. Wengi wetu hapa, ukienda kliniki ya serikali, rekodi yako ni daftari la shule ulilonunua dukani. Leo unatibiwa zahanati, kesho hospitali kuu ya Pwani, ile tuliyozoea kuiita Makadara, keshokutwa hospitali ya binafsi mjini. Kila mahali huandika pake. Daftari likijaa, linanunuliwa jipya, na lile la zamani lenye historia yote linabaki chini ya godoro.

Tuanze na jambo linalochanganya watu wengi kuliko yote: majina. Dawa moja huwa na majina mawili au zaidi, jina lake la asili na jina alilopewa na kiwanda. Lasix ni furosemaidi. Aldactone ni spironolaktoni. Inderal ni propranololi. Brufen ni ibuprofeni, Voltaren ni diklofenaki, na Panadol ni parasetamoli. Tumchukue bwana mmoja mwenye maji tumboni kwa sababu ya ini. Kaandikiwa furosemaidi ya kutoa maji. Dirisha la dawa la hospitali halina mwezi huo, akanunua dukani, akapewa Lasix. Mwezi uliofuata hospitali inayo, akapewa furosemaidi. Sasa nyumbani ana pakiti mbili zenye majina mawili, na yeye ni mtu mtiifu, anameza zote mbili. Daftari linasema kidonge kimoja. Mwilini vinaingia viwili. Maji yanatoka kupita kiasi, chumvi za damu zinavurugika, figo zinaanza kulemewa, na mzee anaanza kuona kizunguzungu kila akiinuka. Hakuna aliyekosea kwa makusudi hapo.

Ndugu yake jambo hili ni hesabu ya vidonge. Spironolaktoni hutengenezwa vidonge vya miligramu 25, na vipo pia vya miligramu 100. Daktari kaandika miligramu 100 kwa siku. Ukipewa vile vya 25, unameza vinne. Ukipewa cha 100, unameza kimoja. Mgonjwa aliyezoea kuhesabu vinne asubuhi, siku akibadilishiwa pakiti bila kuelezwa, atameza miligramu 400. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, ambacho daktari hukifikia polepole huku akipima damu, kwa sababu dawa hii hupandisha madini ya potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo huweza kusimama. Kwa hiyo usihesabu vidonge tu, soma na ile namba iliyo kwenye pakiti. Kama kusoma ni shida, mwite mjukuu akusomee.

Na ile bahasha ndogo ya dawa yenye maandishi 1×3? Hiyo maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku. 2×1 maana yake vidonge viwili kwa mara moja. Mara nyingi bahasha hiyo haina jina la dawa wala nguvu yake. Usiondoke dirishani kabla haijaandikwa. Ni haki yako, na haichukui hata nusu dakika.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye dawa moja, kwa sababu hii ndiyo inayoleta huzuni kubwa majumbani. Inaitwa laktulosi, dawa ya maji, tamu, nzito kama shira. Mgonjwa akisikia inalainisha choo, hujiambia: mimi sina tatizo la choo, hii ya nini? Kazi yake kwa mgonjwa wa ini ni nyingine. Chakula kikisagwa matumboni hutoa sumu, mojawapo ni amonia. Ini zima huisafisha. Ini lenye makovu haliwezi, na sumu hiyo hupanda hadi kwenye ubongo. Laktulosi huitoa kwa njia ya choo. Ndiyo maana tunataka mgonjwa apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Ikiwa pungufu ya hapo, dawa haijatosha. Akiharisha mara sita au saba, imezidi, na kukaukiwa maji pia humchanganya, basi arudi kwa daktari ampunguzie.

Lakini fikiria maisha ya huyo mgonjwa. Anakaa Likoni, kazi yake iko mjini, na kila asubuhi anasimama kwenye umati wa feri. Tumbo likimkata pale, aende wapi? Au ni mtu wa msikitini, na kila mara udhu unamtoka. Au ni mama anayekwenda arusini. Basi hupunguza. Asubuhi haimezi, jioni humeza kijiko kimoja, na aibu haimruhusu kumwambia mtu. Daftari bado linasema mara tatu kwa siku.

Baada ya siku kadhaa anabadilika. Analala mchana, usiku yu macho. Mikono inampepea akiinyoosha. Anawasahau majina wanawe, anavaa kanzu kinyume, anakuwa mkali kwa mkewe ambaye hajawahi kumpandishia sauti. Hapa kwetu la kwanza linalosemwa ni kwamba ana jini, au kuna mtu kamfanyia. Sikebehi imani ya mtu. Anayetaka kusoma dua asome, na anayetaka kunywa kombe anywe, lakini mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na chupa yake ya laktulosi ichukuliwe. Akifika, daktari anafungua daftari, anasoma mara tatu kwa siku, na kwa haki kabisa anafikiri: dawa hii imeshindwa, ugonjwa umefika pabaya. Anaanza kutafuta dawa nyingine, au anawaandaa jamaa kwa mabaya. Kumbe chupa iko nyumbani, imejaa. Chupa hiyo ikiwekwa mezani mbele ya daktari, mazungumzo yote hubadilika.

Kuhusu dawa za maumivu nitasema jambo ambalo hushangaza wengi. Wagonjwa wa ini wamesikia kwamba parasetamoli inaua ini, wakaiogopa, wakakimbilia Brufen au sindano ya diklofenaki. Wamekimbia mvua wakaingia baharini. Parasetamoli ikizidishwa ni sumu kweli, lakini kwa kipimo kidogo ndiyo madaktari wengi huikubali kwa mgonjwa wa ini, na kiwango ambacho hushauriwa mara nyingi ni kutozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, baada ya kuulizwa daktari. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ndizo zenye hatari zaidi kwa mwenye sirosisi: huzidisha maji tumboni, huumiza figo, na huweza kuanzisha kutoka damu kwenye mishipa iliyovimba ndani ya koo la chakula. Tena vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa madukani vina aspirini na parasetamoli pamoja, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anaweza kuvuka gramu 2 bila kujua kwamba ameimeza parasetamoli hata mara moja.

Dawa hizi haziandikwi kwenye daftari lolote. Zimenunuliwa mbili mbili kwa sarafu, mtu akasahau. Ukimuuliza unatumia dawa gani, atajibu situmii kitu. Hadanganyi. Kwake yeye kidonge cha kichwa si dawa, ni kama chai.

Vivyo hivyo Piriton. Ugonjwa wa ini huwasha ngozi, na mgonjwa hununua Piriton apate kulala. Dawa hiyo, pamoja na za usingizi kama Valium, huweza kuuzamisha ubongo uliokwisha kulemewa na sumu. Mwashaji ana dawa zake nyingine, aulize.

Sasa tufike kwa wagonjwa wenye kliniki mbili. Mtu ana presha tangu zamani, ana daftari la presha, anapewa enalaprili au losartani. Baadaye ini linaharibika, anafungua daftari la ini. Maji yakishajaa tumboni, presha yake hushuka yenyewe, na zile dawa za zamani zaweza kuziangusha figo, tena zikichanganyika na spironolaktoni hupandisha ile potasiamu tuliyoitaja. Daktari wa ini hajaliona daftari la presha. Daktari wa presha hajaliona la ini. Anayeyaona yote mawili ni mgonjwa peke yake, na hakuna aliyemwambia ayabebe pamoja. Mwenye kutumia dawa za kifua kikuu pia asikose kulitaja hilo, maana kadhaa kati yake zinaweza kuliumiza ini.

Lipo jambo zito zaidi, na nitalisema taratibu. Homa ya ini B hutibiwa kwa tenofoviri. Dawa hiyo hiyo imo ndani ya kidonge kinachotumiwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kuna mtu ana kadi ya kliniki ya CCC, ameificha hata kwa mkewe, na kwenye kliniki ya ini hakuitaja. Akipewa tenofoviri huku, na anayo kule, atameza dozi mbili, na figo ndizo zitakazolipa. Au kule CCC akibadilishiwa dawa, akapewa zisizo na tenofoviri, homa ya ini iliyokuwa imelala inaweza kuamka. Ndugu yangu, huna haja ya kuitangaza kadi yako kwenye foleni. Sema: naomba kuzungumza na daktari faraghani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi inalinda siri hiyo.

Tenofoviri pia haikatizwi ghafla. Ukiiacha, virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na kuliwasha ini upya. Wapo wanaoinunua kwa pesa zao mwezi kwa mwezi, na pesa zikipungua humeza siku moja, siku ya pili wakapumzika, ili pakiti ivutike. Naelewa, watoto nao wanataka karo. Ila mwambie daktari ukweli huo. Asipoujua, ataona vipimo vya virusi havishuki na kudhani dawa imeshindwa, akuandikie ya bei kubwa zaidi.

Kuacha dawa kimya kimya si jambo geni katika eneo letu. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na Wakenya hawakubaki nyuma. Wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Kwenye madaftari yao hakuna aliyeandika hivyo. Dawa uliyoiacha ni habari muhimu sawasawa na dawa unayoitumia.

Na hapo ndipo inapoingia mitishamba: mwarobaini, chupa isiyo na maandishi iliyoletwa na jamaa kutoka mashambani, unga wa mizizi, habasoda. Sitakuambia kila mti ni sumu. Nitakuambia kwamba hata wa mtini hupita kwenye forodha ile ile, na mingine imeharibu maini ya watu. Miraa na mugoka vile vile. Mwaka 2024 kaunti yetu ilipopiga marufuku mugoka na mambo yakafika mahakamani, kila mtu alizungumza siasa. Mimi nauliza kwa sababu nyingine: utafunaji wa miraa umehusishwa na kuumia kwa ini kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo nikikuuliza unatafuna au hutafuni, nijibu kama unavyojibu umri wako.

Mwezi wa Ramadhani nao una mabadiliko yake. Aliyeandikiwa dawa ya kutoa maji asubuhi huihamishia usiku baada ya futari, na ya mara tatu huibana kuwa mara mbili. Wenye sirosisi wanapaswa kuzungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwanza kuhusu kama wataweza kufunga, halafu kuhusu saa za dawa. Daktari akiipanga ratiba mpya, iandikwe.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2017 kampeni ya matumizi ya dawa bila madhara, likilenga kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayoweza kuepukwa ndani ya miaka 5. Moja ya mambo matatu waliyoyatilia mkazo ni pale mgonjwa anapohama mkono, kutoka hospitali hadi nyumbani au kutoka kliniki moja hadi nyingine. Hapo ndipo orodha hupotea. Basi tuichukue kalamu sasa.

Chukua ukurasa mmoja, usiwe katikati ya daftari ukapotea. Uwe wa mwisho kabisa au kadi ngumu. Andika jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, yote mawili kama ni mawili. Andika nguvu yake, miligramu ngapi. Andika unavyoimeza wewe, si ulivyoambiwa. Kama ni vijiko viwili badala ya vitatu, andika viwili. Andika nani alikupa na kwa ugonjwa gani. Chini yake piga mstari, andika vitu vya dukani na vya mtishamba. Piga mstari mwingine, andika ulivyoviacha, na lini. Weka tarehe juu. Ukibadilishiwa dawa, usifute, kata kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke. Kijana wa nyumbani aupige picha ukurasa huo kwa simu, na mtu mmoja tu wa nyumba awe msimamizi wa dawa. Wakiwa watatu, mama atapewa dozi tatu kwa mapenzi.

Siku ya kliniki usichukue daftari peke yake. Beba na dawa zenyewe zote, pakiti, chupa na bahasha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, lakini kikapu cha ukili kinatosha sana. Mbele ya daktari au muuguzi sema: naomba tulinganishe. Omba hivyo hivyo siku ya kutoka wodini, kabla hujaingia tuktuk.

Swali tunaloletewa sana ni hili: nikisema natumia dawa za kienyeji au nimeacha za hospitali, si nitagombezwa? Pengine utagombezwa. Wapo watumishi wa afya wenye ulimi mkali, na kwa maoni yangu ulimi huo umewafanya wagonjwa wengi kuficha. Likikutokea, nyamaza kidogo, kisha sema tena, na ukiona hakuna anayeandika, omba kuonana na mwingine.

Kabla muda haujatuishia: mgonjwa wa ini akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akichanganyikiwa au asiamke vizuri, akipata homa na tumbo kuuma, au mkojo ukipungua ghafla, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane, na anayebaki nyuma kufunga mlango ndiye abebe kikapu.